Sungura Afichaye Ugonjwa

Katika hadithi za wazee Sungura ni mjanja kuliko wanyama wote. Fisi humshinda kwa akili, na Simba mwenye nguvu humkimbia akabaki na ghadhabu yake. Lakini sungura wa kufugwa anao ujanja mmoja umleteao hasara mwenyewe: akiugua, huuficha ugonjwa wake.

Sababu yake ni hii. Sungura wa kufugwa si wa aina moja na sungura wa porini aonekanaye katika mbuga za Tanzania. Asili yake ni Hispania na nchi za jirani, ambako wazazi wake wa kale walikaa mashimoni, wakiwindwa na mbweha na ndege walao nyama. Adui hupenda kumkamata aliye dhaifu. Kwa hiyo aliyejua kukaa kimya na kujifanya mzima ndiye aliyesalimika. Tabia hiyo imebaki hata leo. Mbuzi akiumwa hulia, na mbwa hutoa sauti ya uchungu, lakini sungura hunyamaza. Basi yampasa mfugaji kuzijua dalili ambazo sungura hawezi kuzificha.

Mathali mtoto wa Kwa Mrombo, katika jiji la Arusha, anaye sungura katika banda la mbao nyuma ya nyumba. Kila asubuhi humpelekea majani na maji, na sungura asikiapo hatua zake huja mlangoni kunusa. Siku moja haji. Amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumbwa, na majani ya jana yapo vile vile. Mtoto asiyejua atasema, "Ameshiba," kisha atatupa majani mapya juu ya yale ya zamani na kukimbilia shule. Mtoto ajuaye atasimama, kwani sungura mzima haachi chakula usiku kucha.

Kukataa chakula ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Sungura hawezi kutapika. Akilacho hakina njia ila kwenda mbele. Nyasi ndizo zisukumazo matumbo yake, nayo yapaswa kufanya kazi mchana na usiku. Yakisimama, hewa hujaa tumboni, maumivu huzidi, naye huzidi kukataa chakula. Sungura asiyekula kwa muda wa saa 12 yu katika hatari, na akiachwa siku moja au mbili aweza kufa.

Dalili ya pili ni kinyesi. Kinyesi cha sungura mzima ni vidonge vya mviringo, vikavu, vingi, vyenye ukubwa ulio sawa. Vikiwa vidogo sana au vichache, au visipoonekana kabisa, matumbo yamelegea. Kipo na kinyesi cha pili, kilicho laini, ambacho sungura hukila mwenyewe kitokapo. Huo si ugonjwa, kwani ndivyo apatavyo nguvu iliyosalia katika chakula. Lakini kuharisha maji maji ni jambo la hatari, hasa kwa watoto wa sungura. Mara nyingi huletwa na vijidudu vikaavyo katika kinyesi. Vijidudu hivyo vikishatoka nje huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana banda lifagiliwalo kila siku huzuia ugonjwa usienee.

Zipo dalili nyingine. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yale ya mbele huongezeka kadiri ya milimita 2 au zaidi kwa juma. Yasipochakazwa na nyasi huwa marefu mno, naye hushindwa kula ijapokuwa ana njaa; kidevu chake huloa mate. Mwenye mafua hupiga chafya, na manyoya ya miguu yake ya mbele hushikamana kwa kuwa hujipangusa pua nayo. Atikisaye kichwa na kujikuna masikio huenda ana utitiri, na ndani ya sikio huonekana magamba mazito; haifai kuyabandua, kwani huumiza sana. Na sungura ahemaye upesi wakati wa jua kali, masikio yakiwa ya moto, ameshindwa na joto. Huyo apelekwe kivulini mara moja, masikio yake yapanguswe kwa maji ya baridi kidogo.

Mgonjwa yampasa kutengwa na wenziwe, awekwe mahali pakavu na patulivu. Katika baridi ya Juni na Julai, masikio yake yakiwa ya baridi, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe karibu naye. Apewe nyasi safi na maji. Lakini tumbo likiwa limejaa na kuwa gumu kama ngoma, asilazimishwe kula. Wala asipewe dawa za watu. Dawa za jamii ya penisilini, zimponyazo mtu, zikipita kinywani mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, naye aweza kufa. Dawa na itolewe na daktari wa mifugo. Ni vema pia kuuliza alikula nini, kwa kuwa majani ya mparachichi, mti ulio mwingi katika vijiji vya Mlima Meru, ni sumu kwake.

Mtoto ajuaye hurudi ndani na kusema, "Shikamoo mama. Sungura hakula tangu jana."

"Marahaba, mwanangu. Labda ameshiba."

"Hapana, mama. Hata kinyesi hakuna."

Mama huliacha sufuria, akaenda kutazama. Kisha mtu hutumwa kwa afisa mifugo asubuhi ile ile, wala si jioni. Huenda mtoto akachelewa kidogo shuleni, lakini sungura amepata nafasi ya kupona. Mnyama huyu hana sauti ya kuomba msaada. Majani yasiyoliwa na sakafu isiyo na kinyesi ndizo kelele zake, na azisikiaye ni yule tu atazamaye kila siku.