Kupima Maji Bila Kuyagusa: Istilahi za Mtiririko katika Mitambo ya Maji ya Dawa

Mfasiri anayekabidhiwa mwongozo wa mtambo wa maji ya kutengenezea dawa hukabiliwa mapema na dhana mbili zinazopotosha kwa urahisi: usafi wa maji, na mwendo wake. Zote mbili tunazitaja kila siku nyumbani, na ndiyo sababu tunazichanganya.

Tuanze na usafi. Neno "tasa" limezoeleka kwa kiumbe asiyezaa. Kuliazima kwa maji yasiyo na kijidudu hai hata kimoja ni jambo la busara, nasi hatuoni sababu ya kulibadili. Kosa ni kulitumia mahali pasipo pake. Maji yazungukayo katika mabomba ya kiwanda, yaitwayo maji ya sindano, hayalazimiki kuwa tasa. Kikomo cha kuchukua hatua, kwa kawaida, ni vijidudu 10 katika mililita 100. Yapasayo kuwa tasa ni yale yaliyokwisha kutiwa chupani kwa ajili ya mgonjwa. Kwa hiyo "maji ya sindano" na "maji tasa ya sindano" ni majina ya vitu viwili, na anayeyaandika kama kitu kimoja humpa mfamasia hati ya uongo.

Tena utasa peke yake hautoshi. Mwaka 1923 Florence Seibert, mwanakemia wa Marekani, alionyesha kwamba homa zilizofuata sindano zilitokana na mabaki ya bakteria katika maji yaliyokenekwa. Kuchemsha huua bakteria, lakini mabaki hayo hubaki. Twapendekeza yaitwe "vichochea homa", kwa kuwa jina hilo hutaja madhara yake waziwazi.

Vijidudu hupenda maji yaliyotulia. Mahali ambapo maji hayaendi hujishikiza ukutani mwa bomba na kujenga utando, na utando ukishajengwa ni vigumu kuung'oa. Ndiyo maana maji huzungushwa usiku na mchana, aghalabu yakiwa moto, na mafundi wengi hutaka yaende walau mita 1 kwa sekunde.

Hapa ndipo istilahi za mwendo zinapohitaji uangalifu. "Mkondo" tuuache, kwa kuwa umeme umekwisha kulichukua neno hilo na fundi wa mtambo hushughulika na vyote viwili. "Mtiririko" libaki jina la jumla. Lakini "kasi" ni umbali kwa sekunde, na "kiwango cha mtiririko" ni ujazo kwa muda. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, hupitisha karibu lita 2 kila sekunde. Lita hizo hizo zikipita katika bomba la milimita 25, kasi huwa mita 4. Mwongozo unaosema "mtiririko usipungue 1" bila kutaja kipimo haumwambii mtu lolote, na fundi aliyeelewa lita badala ya mita ataridhika na maji yanayojikokota.

Sasa, yapimwe vipi? Kifaa cha sumaku, kifanyacho kazi kwa kanuni ya Michael Faraday ya mwaka 1831, hutaka maji yapitishe umeme. Maji ya sindano hayapaswi kuzidi maikrosimensi 1.3 kwa sentimita kwenye nyuzi 25, na vifaa vingi vya namna hiyo huhitaji 5 au zaidi. Gurudumu la kuzungushwa na maji nalo huongeza pembe na nyufa za kufugia vijidudu. Hivyo hutumika altrasaundi. (Wako wanaopendekeza "sauti ya juu", lakini kwa msemaji wa kawaida hiyo ni kelele. Neno la kliniki ya wajawazito lishikwe.) Vihisi viwili hufungwa nje ya bomba, na sauti hutumwa kufuata maji, kisha kuyapinga. Ile inayoyafuata hufika mapema. Katika bomba la milimita 50 tofauti ni kiasi cha sekunde 40 zilizogawanywa kwa bilioni moja, nayo yatosha kujua kasi.

Kifaa hicho, basi, huanza na kasi. Ujazo hupatikana kwa hesabu ya kipenyo. Bomba la kipenyo cha nje cha milimita 50.8, lenye ukuta wa 1.65, lina kipenyo cha ndani cha 47.5. Anayezidisha kasi kwa eneo akitumia kipenyo cha nje hupata ujazo uliozidi kwa asilimia 14. Neno "kipenyo" peke yake, katika mwongozo kama huu, ni pungufu.

Limebaki jina la njia yenyewe. "Upimaji usioingilia" ni tafsiri ya neno kwa neno, na "kuingilia" kwa Kiswahili kuna maana nyingine ambazo hatutaki ziletwe kiwandani. "Usiotoboa" ni zuri zaidi, ila halitoshi: kipande cha bomba chenye vihisi ndani kinaweza kuungwa bila kutoboa chochote, na bado kikayagusa maji. Kinachoogopwa ni mguso. Twapendekeza "upimaji usiogusa maji", na kifaa kiitwe "kipimamtiririko cha kufunga nje", jina ambalo fundi ataelewa kabla hajafungua sanduku.