Mtoto anataka biashara? Mkalishe asikilize wateja kwanza

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa hapa Kilwa Masoko huniuliza dukani: huyu mtoto nimwanzishie biashara gani? Na mara nyingi jibu wameshakuja nalo: barafu. Basi mtaa mmoja nyumba sita zinauza barafu, watoto wanaishia kuzilamba wenyewe.

Mimi naona wazo alitafute mtoto, na mahali pa kulipata ni kwenye maswali ya watu. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, nilimkalisha kibarazani jioni tatu na daftari. Kazi moja tu: mteja akiulizia kitu ambacho sina, aandike. Siku ya tatu ndimu zilikuwa zimeandikwa mara 11. Si unajua huku kwetu, samaki wakishafika kila nyumba inataka ndimu, na kwenda sokoni mpaka mtu avae upya.

Hesabu kaifanya mwenyewe. Ndimu 40 kwa shilingi 2,000. Mafungu 10 ya ndimu nne nne, fungu 300, jumla 3,000. Akafurahi, faida 1,000! Nikamuuliza, zikikauka je? Mafungu mawili yakiharibika anapata 2,400, faida 400 tu. Akaamua mwenyewe aanze na ndimu 20. Hiyo hesabu usimfanyie hata akichelewa.

Sasa nyie wazazi. Hela iliyo kwenye kopo la mtoto ni mtaji, siyo pesa ya unga. Ukibanwa ukachukua, andika deni kwenye daftari lake pamoja na siku ya kulipa, yeye akiona. Nimeshaona mtoto kaacha kabisa kwa sababu kila akifungua kopo anakuta tupu, halafu nyumbani wanasema hana moyo wa biashara. Moyo atautoa wapi?

Na tusichanganye mambo. Kumpa mtoto sinia akimbizane na mabasi pale Nangurukuru siyo kumfundisha biashara. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka afike miaka 14 ndipo aajiriwe, tena kazi nyepesi isiyomharibia shule. Mdogo auzie kibarazani, mtu mzima akiwepo. Huyu wangu shule zikifunguliwa anauza Jumamosi na Jumapili tu, na kabla ya magharibi ameshafunga.