Modi za Mashabiki na Ngazi za Chemshabongo Zilizofungiwa Konsoli: Suala la Hakimiliki kwa Uganda

Modi ni mabadiliko au nyongeza ambayo wachezaji wenyewe hutengeneza juu ya mchezo wa kompyuta uliokwisha kuuzwa. Zipo zinazohamishia kwenye kompyuta ngazi za chemshabongo zilizotolewa kwa konsoli moja pekee. Suala hili si la mbali kama linavyodhaniwa. Katika eneo kama Budondo, Jinja, konsoli ni anasa, ilhali kompyuta ya shule hutumiwa na wengi.

Mfano bayana ni Portal, mchezo wa kampuni ya Valve wa mwaka 2007. Mwaka huohuo kikundi cha We Create Stuff kilitengeneza toleo lake la Flash, na mwaka 2008 ngazi za toleo hilo zikajengwa upya kwa ajili ya Portal ya kompyuta, kwa zana ambazo Valve yenyewe iliwapa wachezaji. Oktoba 2008 ilitoka Portal: Still Alive, ya Xbox 360 pekee, ikiwa na ngazi 14 za ziada zilizotokana na kazi hiyo. Kilichouzwa kama mali ya konsoli kilikuwa kimezaliwa mikononi mwa mashabiki wa kompyuta.

Kiufundi, ngazi ni data: maumbo ya vyumba, mahali pa vitufe na milango, na kanuni zinazoviunganisha. Prosesa ya Xbox 360, ya jamii ya PowerPC, hupanga baiti kinyume cha kompyuta za kawaida. Hivyo faili lake halisomeki bila kugeuzwa. Shabiki anaweza kulinakili faili, akavunja kinga yake na kuligeuza. Anaweza pia kuutazama mchezo ukichezwa, kisha akajenga chumba kimoja baada ya kingine. Njia ya pili hukopa wazo zaidi kuliko faili, ingawa mpangilio wa chumba nao waweza kudaiwa kuwa ubunifu unaolindwa. (Omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, hauna mgogoro huo: watoto huuchimba ardhini bila kumwomba yeyote ruhusa.)

Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta, na inaruhusu matumizi ya haki, yakiwamo ya kufundishia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 imekwenda mbali zaidi: inamruhusu mwenye programu kihalali kuichambua ili ifanye kazi pamoja na programu nyingine. Ruhusa hiyo hailengi kuhamisha ngazi nzima, lakini humpa mbunifu mahali pa kuanzia.

Kwa mwalimu wa TEHAMA wa Budondo, basi, zoezi la kujenga upya ngazi moja kwa zana zilizotolewa na mwenye mchezo lina msingi imara kuliko kusambaza faili lililonakiliwa kutoka kwenye konsoli, hata kama wanafunzi wataona chumba kilekile kwenye skrini.