Muhogo wetu na utandawazi



Neno utandawazi tunalisikia redioni, na wengi hudhani ni mambo ya kompyuta na ya watu wa mjini. Hebu tutazame sufuria ya muhogo wa nazi jikoni. Asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika na Wareno, wale tunaowakumbuka tukiiona nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi. Leo nani atauita muhogo mgeni? Utandawazi ndio huo: mimea, ujuzi na mitambo ya nchi moja kuingia nchi nyingine, watu wakavifanya vyao.

Lakini njia ni moja na wapitao ni wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo mweupe, kama aliyepakwa unga, aliingia Kongo (wakati huo Zaire) kutoka huko huko Amerika ya Kusini. Huku hakuwa na adui. Akaenea nchi nyingi, Afrika Mashariki pia, akinyonya mihogo mpaka ikadumaa.

Dawa ilipatikana wapi? Huko huko alikotoka. Mwaka 1981 wataalamu walimkuta Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wake na kumwua. Nyigu hao walipelekwa Nigeria, wakazalishwa, wakaachiliwa katika nchi nyingi za Afrika. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Sasa tugeuke kwetu. Jirani au shemeji anatupa vijiti vya muhogo, nasi tunapanda bila kuuliza. Ndivyo ugonjwa wa michirizi ya kahawia unavyosafiri. Majani yaweza kuonekana mazuri, kumbe ukikata muhogo wenyewe, ndani ni kahawia na umekauka. Jasho la msimu mzima limepotea! Basi kabla ya kuchukua vijiti, ng'oeni mihogo ya shina lile, mkate mtazame. Mkiona doa, shina hilo msilipande. Kwa mbegu safi, kikundi kiulize kituo cha utafiti wa kilimo, Mtwapa.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumkaribishe, lakini tumtazame kwanza.

Ya kuzungumza kikundini:

1. Vijiti tulivyopanda msimu uliopita vilitoka wapi?
2. Nani kati yetu atajifunza kuutambua ugonjwa huu, awafundishe wengine?