Kodi ya Marekani na familia zetu (3): Mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima bado ni tegemezi?

Katika makala mbili zilizotangulia tulieleza jinsi kodi inavyokatwa kwenye mshahara wa Marekani na namna ya kuisoma fomu W-2, ile ambayo mwajiri humpa kila mfanyakazi mwanzoni mwa mwaka. Leo tunaingia kwenye swali linalozua ugomvi kila msimu wa kodi katika nyumba za ndugu zetu walioko huko. Mtoto amevuka miaka 18, yuko chuo au ameanza kibarua. Je, mzazi anaweza bado kumwandika kuwa tegemezi wake?

Jibu ni kwamba wazazi wengi wanaweza, na wengi wao hawajui. Lakini sheria haiangalii nani mkubwa wa nyumba wala nani alimlea mtoto tangu utotoni. Inaangalia yaliyotokea ndani ya mwaka mmoja wa kodi: mtoto alikuwa na umri gani, aliishi wapi, alisoma au hakusoma, alipata kiasi gani, na nani aligharamia maisha yake. Mwaka ukibadilika, hesabu inaanza upya.

Suala hili huwapita wageni kwa sababu nyumbani hatukulizoea. Kenya, kila mlipakodi hupata nafuu ya binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, awe na watoto saba au asiwe na hata mmoja. Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi kodi, na hakuna anayeuliza una watoto wangapi. Marekani huuliza, na jibu lake lina thamani ya fedha.

Njia ya kwanza: mtoto anayestahili

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani ina njia mbili za kumwandika tegemezi. Ya kwanza ni ya "mtoto anayestahili". Huyu anaweza kuwa mtoto wa kumzaa, wa kuasili, wa kambo au wa kulelewa kwa amri ya mamlaka. Anaweza pia kuwa mdogo wako au mtoto wa ndugu yako, jambo lenye faida kwa familia zetu ambazo mpwa hukaa kwa mjomba wake miaka na miaka.

Kwa njia hii, tarehe 31 Desemba mtoto awe hajatimiza miaka 19. Kama ni mwanafunzi wa muda wote, awe hajatimiza 24. Uanafunzi huo unatosha ukigusa miezi 5 ya mwaka, hata isiyofuatana. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 aliyehitimu Mei na kupata kazi Juni bado anahesabiwa kuwa mwanafunzi kwa mwaka ule. Mwenye ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi ya kumkimu hana kikomo cha umri. Wazazi wenye mtoto wa namna hiyo wasikubali kuambiwa kwamba haki yao iliisha alipofika 18.

Mtoto pia awe ameishi na mzazi zaidi ya nusu ya mwaka. Hapa wengi hukata tamaa bure. Kukaa bweni la chuo huhesabiwa kuwa kutokuwepo kwa muda, na nyumba ya mzazi hubaki kuwa makazi yake. Akiwa ameoa au ameolewa, asiwe amejaza ritani ya pamoja na mwenzi wake, isipokuwa kwa lengo la kudai tu kodi iliyokatwa.

Sharti linalobaki ndilo zito: mtoto asiwe amejigharamia mwenyewe zaidi ya nusu ya maisha yake. Sheria haisemi mapato yake yawe madogo. Inauliza ametumia kiasi gani kwa ajili yake mwenyewe. Pesa aliyoiweka benki haihesabiwi. Ufadhili wa masomo nao hauhesabiwi, lakini mkopo wa elimu alioukopa kwa jina lake huhesabiwa kuwa mchango wake.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa mama anayeishi peke yake na mwanawe wa miaka 20, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Ukiondoa ufadhili, kijana alihitaji dola 20,000 mwaka 2025: ada 6,000, bweni na chakula 11,000, na mavazi, simu, usafiri na bima 3,000. Alifanya kazi ghalani wakati wa likizo akapata dola 9,000. Akaweka akiba 3,500, akatumia 5,500. Alikopa pia 3,500 kwa jina lake kulipia sehemu ya ada.

Mchango wake ni 5,500 kujumlisha 3,500, yaani 9,000. Nusu ya gharama zake ni 10,000. Hajaivuka, kwa hiyo ni tegemezi wa mama yake. Lau angetumia mshahara wote bila kuweka akiba, mchango wake ungefika 12,500 na mama angeipoteza haki hiyo. Ndiyo maana hesabu hii ifanywe kwa risiti, si kwa kukisia.

Mama anapata nini? Tuseme mshahara wake ni dola 45,000. Akijaza ritani kama mtu mmoja asiye na tegemezi, punguzo lake la kawaida ni dola 15,750 na kodi yake inakaribia 3,270. Akimwandika mwanawe, na kama yeye ndiye aliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za kuendesha nyumba, anajaza kama mkuu wa kaya na punguzo linapanda hadi 23,625. Kodi inashuka hadi 2,225. Anapata nafuu ya dola 500 ya tegemezi aliyevuka miaka 16. Kisha inakuja nafuu ya elimu ya juu, ambayo kwa miaka minne ya kwanza ya chuo hufika dola 2,500 kwa mwanafunzi, na hadi 1,000 kati ya hizo hurudishwa hata kama kodi imekwisha. Mwishowe mama hadaiwi kodi yoyote ya mapato, na anarudishiwa angalau dola 775. Tofauti ni zaidi ya dola 4,000, pesa ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Na kijana anapoteza nini? Hapotezi kitu. Tegemezi mwenye mshahara hupata punguzo la kiasi alichofanyia kazi na kuongeza dola 450, mradi lisizidi punguzo la kawaida. Kwa mshahara wa 9,000, punguzo lake ni 9,450, na kodi yake ya mapato ni sifuri. Ile iliyokatwa ghalani atarudishiwa yote, awe ameandikwa na mama yake au la.

Njia ya pili: jamaa anayestahili

Mtoto aliyepita umri huo anaweza kuingia kwa njia ya pili, ya "jamaa anayestahili". Hapa umri hauulizwi, na mtoto wako wa kumzaa halazimiki hata kuishi nawe. Lakini mapato yake ya mwaka yasifike kiwango kilichowekwa, ambacho kwa mwaka 2025 ni dola 5,200, na mzazi awe amelipa zaidi ya nusu ya gharama zake. Kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi miezi mitatu kwa dola 2,000 kila mwezi amekwisha kutoka, hata kama miezi tisa iliyobaki alilishwa na baba yake. Mafao ya kukosa kazi nayo yanahesabiwa kuwa mapato.

Njia zote mbili zina mlango mmoja unaowaumiza watu wetu. Tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Binti anayesoma Mombasa au Bukavu kwa ada unayoituma kila muhula, asipokuwa raia wa Marekani, haandikwi. Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo kwa kawaida hahesabiwi kuwa mkazi kwa miaka 5 ya kwanza, hata akiwa analala sebuleni kwako. Anayekuahidi kukuingizia watoto wa nyumbani kwenye ritani anakuuzia matatizo yatakayobaki kwa jina lako. Anayedai nafuu hizi kwa kupuuza kanuni anaweza kuzuiwa kuzidai kwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10.

Kisanduku kinachogombanisha nyumba

Ugomvi mwingi huanzia kwenye simu. Kijana anapata W-2 yake, anafungua programu ya kujazia ritani, na kwa haraka ya kurudishiwa dola mia chache anapita mahali panapouliza kama kuna mtu anayeweza kumwandika kuwa tegemezi. Anaacha kisanduku wazi. Swali hilo haliulizi kama mzazi amemwandika. Linauliza kama anaweza. Mama anapotuma ya kwake Machi, mfumo unaikataa.

Likitokea, lisifanywe kesi ya heshima. Kijana ajaze fomu 1040-X kusahihisha ritani yake. Mama anaweza kutuma ya kwake kwa posta, au kwa mtandao akiwa na namba ya siri ya ulinzi inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya huko. Na aliyekosa kumwandika mtoto miaka iliyopita ana miaka 3 kwa kawaida, tangu ritani ya mwaka husika ilipojazwa, kudai haki yake.

Vijana nao waondolewe hofu. Kuandikwa tegemezi hakumfanyi mtu kuwa mtoto mbele ya sheria nyingine. Maombi ya msaada wa serikali wa masomo yana kanuni zake za utegemezi, zisizofuata ritani. Bima ya afya ya mzazi humbeba mtoto hadi miaka 26, awe tegemezi wa kodi au hapana.

Kwa hiyo, kabla mtu yeyote wa nyumba hajabonyeza kitufe cha kutuma, kaeni mezani na W-2 za kila mmoja, fomu 1098-T ya chuo, na karatasi yenye safu mbili: alichotumia kijana kwa ajili yake, na kilicholipwa na wengine. Mzazi amwambie mwanawe waziwazi nafuu hiyo itatumika kwa nini, hasa ikitokana na ada ambayo kijana mwenyewe ameikopea. Kama hesabu zinawatatiza, vituo vya VITA, vinavyofanya kazi hii kwa kujitolea katika maktaba na vyuo vingi, huwasaidia bure watu wa kipato cha kawaida. Mwisho wa kujaza ni 15 Aprili.

Wiki ijayo: wazazi waliotengana, na nani kati yao ana haki ya kumwandika mtoto.