Pedi ya Ndani Imekwisha, ya Nje Bado: Usizigeuze

"Fundi, pedi ya ndani imebaki bati tupu, ya nje bado nene. Safari hii ninunue za kampuni gani?" Swali hili haliishi gereji, na wenye Prado ndio wanaoongoza kuliuliza. Jibu langu ni lilelile: kampuni haihusiki. Pedi mbili zilizotoka boksi moja na kufungwa siku moja kwenye kalipa moja haziachani hivyo kwa sababu ya ubora. Zingekuwa feki, zingekwisha pamoja. Ama iliyokwisha ilikuwa ikiendelea kusugua diski hata baada ya kuachia pedali, ama mwenzake hakuwa akifanya kazi yake.

Kinachonikera zaidi ni dawa inayotolewa: "Zigeuze tu, ya ndani iende nje, zitalingana, kama unavyozungusha matairi." Si kweli hata kidogo. Matairi huzungushwa kwa sababu hata gari zima, lisilo na ubovu wowote, hula ya mbele tofauti na ya nyuma. Pedi za kalipa moja zikiachana sana, kuna kitu kimeganda. Ukizigeuza, unaichukua pedi nzima na kuipeleka palepale penye ugonjwa, nayo italiwa kwa kasi ileile. Ile nyembamba inahamia upande wa pili ikiwa imebakiza milimita 2, na kwa kuwa ilikwisha kulika kufuata uso wake wa diski, haikai sawasawa kwenye uso mwingine. Mpaka izoee, unasimamisha gari linalopita tani 2 likiwa na watu na mizigo kwa kipande tu cha pedi.

Kuna jambo ambalo wanaogeuza hawakwambii. Kwenye kalipa nyingi zinazoteleza, kibati kinachopiga kelele pedi inapokaribia kwisha kiko kwenye pedi ya ndani. Kihamishie nje, na upande unaoliwa haraka hauna tena wa kukuonya. Utakuja kusikia chuma kikisaga chuma, na hapo unanunua na diski.

Kubwa kuliko yote ni joto. Pedi inayosugua muda wote hupasha moto kalipa na mafuta ya breki yaliyomo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishafyonza unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ukiwa unateremka mlima Kitonga, pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kugeuza pedi hakupunguzi joto hilo hata kidogo. Fundi anayekugeuzia na kukuruhusu uondoke amekuachia gari bovu barabarani, nami sitamtetea.

Tafuta kilichoganda. Anza kwa kujua una kalipa gani, maana hapo nako watu hupotoshwa. Mbele, Prado 120 na 150 zina kalipa isiyoteleza, yenye pistoni 4, mbili kila upande. Pini unazoziona pale zinashikilia pedi tu, kwa hiyo anayekwambia "tumepaka grisi pini, imepona" hajagusa ubovu. Pedi zikiachana hapo, ishuku pistoni iliyoshikwa na kutu. Nyuma ni tofauti: pistoni moja, na kalipa inateleza juu ya pini. Raba ya vumbi ikichanika, tope linaingia, pini inakauka, na kwa kawaida pedi ya ndani ndiyo inayoumia. Pedi ikilika mshazari, kagua pini mojamoja.

Zikiachana za kulia na za kushoto, ongeza mpira wa breki kwenye orodha. Huvimba ndani huku nje ukionekana mzima: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Piga jeki, kanyaga breki, achia, kisha zungusha gurudumu. Likigoma, legeza nipeli ya kutolea hewa. Likiachia, presha ilikuwa imenaswa na mpira ndio wa kwanza kushukiwa. Lisipoachia, ubovu uko kwenye kalipa yenyewe.

Tiba ni fupi. Pini: zitoe, safisha, badilisha raba, paka grisi ya silikoni ya breki, maana ile ya beringi ina mafuta ya petroli, huvimbisha raba na pini inanata upya. Pistoni: badilisha sili, na ikiwa na mashimo ya kutu ibadilishe nayo, msasa hautaiponya. Usioshe raba kwa petroli wala dizeli. Mpira wa breki: badilisha wa kulia na wa kushoto. Kalipa ya mtumba nunua tu kama utaifungua na kuiwekea sili mpya. Pedi mpya funga pande zote mbili za ekseli, toa hewa, weka mafuta mapya, na uyabadilishe kila baada ya miaka 2. Baada ya kilomita elfu moja fungua upime pedi zote: zikipishana zaidi ya milimita moja, rudisha gari kwa fundi.