Stroberi zikijaa sokoni, usimwachie broka: pika jamu
STROBERI zinapojaa kwa wingi Limuru na kwingineko Kiambu, mkulima huwa hana muda wa kubishana juu ya bei. Tunda hili halivumilii kukaa. Likichumwa leo na kuachwa kwenye joto, kesho linaanza kulainika na kuota ukungu. Mabroka wanalijua hilo, ndiyo maana jioni hutaja bei waitakayo.

Dawa ni kuwa na njia ya pili. Stroberi mbivu zilizo ndogo au zenye umbo baya, ambazo wanunuzi huzikataa, zinafaa sana kwa jamu. Zilizooza zitupwe.

Zioshe na kuondoa vikonyo. Kwa kilo 1 ya stroberi tia kilo 1 ya sukari na maji ya malimau 2, kwani bila limau jamu haigandi vizuri. Chemsha polepole hadi sukari iyeyuke, kisha ongeza moto huku ukikoroga. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo usitegemee vipimo vya joto vya vitabuni. Dondosha kidogo kwenye sahani baridi. Ikikunjamana ukiisukuma kwa kidole, iko tayari. Itie ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa kwa dakika 20.

Utapata takriban chupa 3 za gramu 500. Piga hesabu ya sukari, moto na chupa kabla ya kupanga bei. Ukitaka kuuza madukani, tafuta kwanza alama ya ubora ya KEBS.

Mwenye sufuria jikoni anaweza kumwambia broka hapana.